MZEE AKIZIMIA, MZEE AKICHANGANYIKIWA: WAJIBU WA JAMAA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa zote njema ni zake, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (S.A.W.), na ahali zake na masahaba zake wote.



Heshima ya wazee si jambo la kufundishwa watu wa Malakia, Kator, Munuki wala Konyo-Konyo. Mzee apitapo hupishwa njia. Aingiapo msikitini hutengewa nafasi katika safu ya mbele, na chakula hakianzwi kabla yeye hajatia mkono. Lakini iko heshima moja ambayo wazee wengi hawapewi ipasavyo, nayo ni heshima ya kuchunguzwa maradhi yao. Mtoto akianguka, nyumba nzima hutoka mbio. Mzee akianguka, watu humwinua, humpangusa vumbi, wakasema, "Ni uzee." Mtoto akisema maneno yasiyoeleweka kwa sababu ya homa, hupelekwa hospitali usiku ule ule. Mzee akisema maneno yasiyoeleweka, husemwa kwamba akili zake zimerudi utotoni, naye huachwa juu ya jamvi lake mpaka asubuhi, na mara nyingine mpaka juma zima lipite.

Hotuba hii ina neno moja la kufikisha. Uzee peke yake haumwangushi mtu chini bila fahamu, wala haumpotezei mtu akili baina ya Jumatatu na Jumatano. Mambo hayo mawili ni dalili, na dalili ina sababu nyuma yake. Sababu hiyo mara nyingi huweza kujulikana kwa vitu vitatu: habari sahihi kutoka kwa aliyekuwapo, mfuko wa dawa anazomeza mzee, na vipimo vichache visivyohitaji mashine kubwa. Viwili vya kwanza vimo mikononi mwa jamaa, wala hakuna daktari awezaye kuvipata pasipo wao.

HALI YA JUBA

Mji wa Juba una joto kali, khasa katika miezi ya Februari na Machi. Mwaka 2024 Serikali ya Sudan Kusini ilizifunga shule kuanzia tarehe 18 Machi, kwa kuwa joto lilitarajiwa kufika nyuzi 45 za Selsiasi. Mwezi wa Februari 2025 shule zilifungwa tena kwa majuma mawili, na Wizara ya Elimu ikaeleza kwamba mjini Juba wanafunzi wapatao 12 kwa wastani walikuwa wakianguka kila siku kwa ajili ya joto. Hao ni vijana wenye mioyo na figo zenye nguvu, na shule zina walimu wa kuwahesabu. Mzee aliyemo ndani ya chumba chenye paa la mabati hana mwalimu wala daftari la mahudhurio.

Joto la mwaka 2024 liliangukia ndani ya mwezi mtukufu wa Ramadhani, na lile la mwaka 2025 lilitangulia Ramadhani kwa siku chache tu. Kwa hiyo jambo hili lawagusa Waislamu wa Juba kwa njia ya pekee.

Mwili wa mzee una mambo matatu yanayopasa kufahamiwa. Kwanza, kiu yake hupungua. Maji yanaweza kumpungukia mwilini naye asihisi haja ya kunywa. Pili, mishipa yake hukaza polepole. Mtu anaposimama, damu hushuka miguuni kwa uzito wake, na mishipa ya kijana hujikaza mara moja ili kuirudisha juu. Mishipa ya mzee huchelewa, na katika kuchelewa huko ubongo hukosa damu kwa sekunde chache. Sekunde chache zatosha kumwangusha mtu. Tatu, ubongo wa mzee hauna akiba kubwa ya kustahimili taabu. Homa ambayo kijana ataisikia kichwani tu, mzee huenda ikamfanya asimtambue mwanawe.

UMUHIMU WA SHAHIDI MWEMA

Katika dini ya Kiislamu habari haipokewi mpaka ijulikane aliyeitoa, aliiona wapi, na aliihifadhi namna gani. Wanavyuoni wa Hadithi walisafiri miezi ili kuhakikisha neno moja. Na imo katika Hadithi sahihi habari ya maradhi ya mwisho ya Mtume (S.A.W.), iliyosimuliwa na Bibi Aisha (R.A.). Alipoulizwa juu ya siku zile, alieleza kwa taratibu: Mtume aliuliza kama watu wamekwisha kuswali, akatengenezewa maji akaoga, akajaribu kuinuka, akazimia, alipozinduka aliuliza swali lile lile. Mambo hayo yalirudi mara baada ya mara, mpaka akaamrisha Sayyidna Abubakar awaswalishe watu. Habari hiyo ilipofikishwa kwa Ibn Abbas hakukanusha lolote ndani yake.

Hebu iangaliwe namna ya masimulizi hayo. Limetajwa lililotangulia, limetajwa alilokuwa akilifanya mgonjwa wakati ule ule, na limetajwa neno alilolisema alipozinduka. Daktari wa leo anapomtazama mzee aliyezimia, hiyo ndiyo habari anayoitafuta, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe aghalabu hakumbuki. Wazee wengi waliozimia husema kwa unyofu, "Niliteleza tu," maana dakika ile imefutika katika kumbukumbu zao. Kwa hiyo kila mzee aliyeanguka bila kujikwaa kwa jambo linaloonekana, adhaniwe kwamba huenda alizimia, mpaka ithibitike vinginevyo.

Shahidi na aweke moyoni majibu ya maswali haya.

Kabla ya kuanguka: je, mzee alikuwa amelala, ameketi, anasimama, au anatembea? Je, alikuwa anakojoa, anakohoa kwa nguvu, au ametoka kula? Je, alilalamika kizunguzungu, kichefuchefu, jasho, maumivu ya kifua, au moyo kwenda mbio? Au alianguka ghafla kama mti uliokatwa, pasipo neno?

Wakati wa kuanguka: uso wake ulipauka, au uligeuka rangi ya buluu? Alitulia, au alirusha viungo, na kwa muda gani? Alijiuma ulimi? Mapigo ya moyo wake yalikuwaje kwa aliyemshika mkono?

Baada ya kuanguka: alizinduka baada ya muda gani, na alipozinduka alijua yuko wapi? Mwenye kuzimia kwa kushuka presha aghalabu huzinduka kabla ya dakika kupita au baada yake kidogo, akawa na fahamu zake. Mwenye kifafa aghalabu hubaki na usingizi na mchanganyiko kwa muda mrefu. Lakini ijulikane pia kwamba kutikisika kidogo kwa mikono huweza kutokea katika kuzimia kwa kawaida. Watu waliokimbilia kusema "kifafa" wamewahi kumpa mzee jina lisilokuwa lake.

MILANGO MITATU YA KUZIMIA

Tabibu Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliiweka habari ya kuzimia katika maradhi ya moyo ndani ya kitabu chake cha Qanun. Hata leo, moyo na mishipa ndivyo vinavyochunguzwa mbele, na sababu za kuzimia hugawanywa katika milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni presha kushuka mtu anaposimama. Sababu zake ni upungufu wa maji kwa joto au kuharisha, kutoka damu tumboni, upungufu wa damu, na dawa. Mlipuko wa kipindupindu uliotangazwa nchini mwezi Oktoba 2024 ulikumbusha jinsi kuharisha kunavyoweza kuumaliza mwili maji kwa saa chache. Kipimo cha mlango huu hakina gharama. Presha ya mzee hupimwa baada ya kulala kwa dakika tano, kisha hupimwa akiwa amesimama, dakika ya kwanza na dakika ya tatu. Ile tarakimu ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ile ya chini kwa 10 au zaidi, sababu imeonekana. Ni hasara kubwa mzee kupimwa presha akiwa ameketi tu, akaambiwa, "Presha ni nzuri," ilhali maradhi yake hujitokeza asimamapo.

Mlango wa pili ni mishipa ya fahamu inayouamrisha moyo upunguze mwendo na mishipa ilegee kwa wakati usiofaa. Hapa ndipo panapoingia kuzimia kwa kusimama muda mrefu kwenye joto, kwa kuona damu, kwa kukojoa usiku, au kwa kukohoa sana. Wako pia wazee ambao mshipa mkubwa wa shingoni umekuwa mwepesi mno wa kuhisi, hata kugeuza shingo kwa nguvu au kuvaa kola ya kubana huwaangusha. Mlango huu mara nyingi si wa kuua, ila mzee huweza kuvunjika nyonga kwa kuanguka.

Mlango wa tatu ni moyo wenyewe, nao ndio wenye hatari. Moyo huweza kwenda mbio kupita kiasi, au kwenda polepole hata ukasimama kwa sekunde kadhaa. Madaktari wawili wa Dublin, Robert Adams mwaka 1827 na William Stokes mwaka 1846, ndio walioandika juu ya wazee waliokuwa wakianguka bila fahamu huku mapigo yao yakiwa machache mno. Zamani hapakuwa na dawa. Tarehe 8 Oktoba 1958, katika nchi ya Sweden, Arne Larsson aliwekewa mwilini chombo kidogo cha umeme cha kuuongoza moyo, akawa mtu wa kwanza duniani kuwekewa. Aliishi mpaka mwaka 2001, akafariki akiwa na umri wa miaka 86. Maisha yake ni ushahidi kwamba maradhi yaliyoitwa "ajali imefika" huenda yakawa na tiba.

Dalili za mlango wa tatu ni hizi: kuzimia mtu akiwa amelala au akiwa katika kazi ya nguvu, kuzimia ghafla bila onyo lolote, kuzimia pamoja na maumivu ya kifua au moyo kupapa, kuzimia kwa mtu aliyekuwa na maradhi ya moyo tangu awali, na kuzimia kwa mtu ambaye katika ukoo wake wamo waliokufa ghafla wangali vijana. Mwenye dalili mojawapo na apelekwe hospitali siku ile ile, apimwe umeme wa moyo. Hata kabla ya mashine, kidole juu ya mshipa wa mkono na saa yenye mshale wa sekunde vyatosha kuanza. Mapigo ya mtu aliyepumzika kwa kawaida ni baina ya 60 na 100 kwa dakika. Mzee aliyezimia na mapigo yake ni 35 asingoje kesho.

Kabla ya vita vilivyozuka Sudan tarehe 15 Aprili 2023, wagonjwa wengi wa Juba walikuwa wakienda Khartoum kwa tiba kama hizo. Sasa wengi huielekea barabara ya Nimule hadi Kampala, iliko Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago, au huenda Nairobi. Safari hiyo ina gharama kubwa. Kwa sababu hiyo yafaa uchunguzi wa awali ufanywe Juba kwa ukamilifu, karatasi zote zihifadhiwe, na mgonjwa asisafirishwe kwa jambo ambalo lingemalizika kwa kubadilisha kidonge kimoja.

MFUKO WA DAWA

Aghalabu sababu ya kuzimia na ya kuchanganyikiwa imo ndani ya nyumba, katika mfuko wa nailoni uliotundikwa ukutani. Mzee wa Juba huenda akawa na dawa ya presha aliyopewa Khartoum, nyingine aliyopewa Kampala, na ya tatu aliyonunuliwa na mwanawe dukani, zote tatu zikifanya kazi moja kwa majina mbalimbali.

Dawa za kutazamwa kwa makini ni hizi: dawa za kushusha presha, khasa zile za kukojoza, dawa za tezi ya mkojo kwa wanaume, kwa kuwa baadhi yake hulegeza mishipa, dawa za usingizi na za wasiwasi, vidonge vya mafua na vya mwasho vinavyoleta usingizi, ambavyo kwa mzee huweza kuleta mchanganyiko wa akili na kuzuia mkojo, na dawa za kisukari. Ipo dawa ya kisukari ya siku nyingi iitwayo glibenklamidi. Kwa wazee huweza kushusha sukari kwa muda mrefu, hata mzee akapewa chai ya sukari akazinduka, kisha sukari ikashuka tena usiku. Mzee kama huyo hapaswi kurudishwa nyumbani mara tu baada ya kuzinduka.

Basi mzee anapopelekwa kwa daktari, mfuko mzima na uende pamoja naye, na ndani yake ziwemo dawa za miti na za unga. Lakini jamaa wasikate dawa kwa shauri lao wenyewe, maana kuacha baadhi ya dawa ghafla nako kuna madhara.

KUCHANGANYIKIWA

Yapasa kutenganisha mambo mawili yanayofanana kwa sura. Liko jambo la usahaulifu wa uzeeni, ambalo huja kwa miezi na miaka, na mzee huwa karibu namna moja asubuhi na jioni. Na liko jambo la kuchanganyikiwa kwa ghafla, ambalo huja kwa saa au siku, hupanda na kushuka, huzidi usiku, na mzee hawezi kukaza fikira juu ya neno moja. Hili la pili ni jambo la haraka kama kuvunjika mguu. Na mwenye lile la kwanza huweza kupatwa na la pili. Kwa hiyo kusema, "Amekuwa msahaulifu tangu zamani," si sababu ya kumwacha.

Mwaka 1990 daktari Sharon Inouye wa Marekani na wenzake walitoa njia fupi ya kulitambua, ambayo hutumiwa mahali pengi duniani. Huulizwa mambo manne: je, hali imekuja ghafla na hupanda na kushuka? Je, mgonjwa hawezi kukaza fikira? Je, maneno yake hayana mpango? Je, amesisimka kupita kiasi au amesinzia kupita kiasi? Akiwa na mawili ya kwanza, pamoja na la tatu au la nne, basi amechanganyikiwa kwa maradhi. Jibu la swali la kwanza halimo mdomoni mwa mgonjwa. Analo binti anayempikia.

Kwa kupima fikira, mzee na aombwe kuzitaja siku za juma kwa kurudi nyuma kuanzia Jumamosi, au kuhesabu kutoka ishirini kushuka. Aulizwe kwa lugha aliyonyonya kwa mama yake, iwe Kibari, Kinubi, Kiarabu cha Juba au nyingine, kwa kuwa mgonjwa huzipoteza kwanza lugha alizojifunza ukubwani. Na lipo tahadharisho moja. Jamaa hufarijika wanapomsikia mzee akisoma Suratul Fatiha bila kukosea, wakaona kwamba akili ni timamu. Jambo lililohifadhiwa tangu utotoni na kusomwa kila siku hubaki hata wakati fahamu zimetikisika. Kusoma kwake vyema ni neema, lakini si kipimo. Dalili yenye nguvu zaidi ni mzee aliyekuwa hakosei rakaa, ambaye juma hili amekosea mara tatu.

Wako waliochanganyikiwa wanaopiga kelele na kutaka kutoka usiku, na hao huonekana. Wako na wengine wanaokaa kimya, hula kidogo, hulala mchana kutwa, na watu husema, "Mzee ametulia." Hawa wa kimya huchelewa kutambuliwa, na katika kuchelewa huko huangamia.

Sababu zake ni nyingi, lakini zipo za kutafutwa kwanza. Sukari ipimwe palepale, na ikiwa chini ya 4, au chini ya 70 kwa mashine za hesabu ya miligramu, itibiwe kabla ya jambo jingine. Joto la mwili lipimwe. Kipimo cha malaria kifanywe, kwa kuwa malaria kali huweza kuanza kwa mchanganyiko, nayo hushusha sukari, kama vile sindano ya kwinini inavyoweza kuishusha. Mapafu yasikilizwe, maana kichomi cha mzee huweza kuja bila kikohozi kikubwa. Mkojo uchunguzwe, na tumbo la chini lishikwe, kwa kuwa mkojo uliozuiwa au choo kilichofunga vyatosha kumchanganya mzee. Uso, mkono na usemi viangaliwe: mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, au maneno yakikatika ghafla, hiyo ni dalili ya kiharusi. Na iulizwe kama aliwahi kugonga kichwa katika majuma yaliyopita, hata kidogo, kwa sababu damu ya mzee huweza kuvuja polepole juu ya ubongo, dalili zikaonekana baada ya majuma kadhaa.

Kwa watu waliotoka sehemu za Ikweta kuna jambo moja zaidi. Maradhi ya malale, yanayoletwa na mbung'o, yamekuwako katika sehemu hizo kwa muda mrefu. Mzee anayelala mchana na kukesha usiku, aliyebadilika tabia polepole, na ambaye aliishi huko, na apimwe maradhi hayo. Yana dawa.

LA KUFANYA PALEPALE

Mzee akizimia na alazwe chali, miguu ikainuliwa. Desturi ya kumwinua na kumshikilia ameketi huku akipepewa ni desturi ya huruma yenye madhara, kwa kuwa humnyima ubongo damu anayoihitaji. Akitapika au akikoroma, ageuzwe ubavu. Asitiwe maji, asali wala chai mdomoni mpaka azinduke kabisa na aweze kumeza. Akiwa na mwili wa moto kwa jua, ahamishwe kivulini, amwagiwe maji mwilini na kupepewa, na kupelekwa hospitali. Joto la mwili likifika nyuzi 40 pamoja na mchanganyiko, kila dakika ni yenye thamani.

Wala asipakiwe juu ya pikipiki ya boda boda, amebanwa wima katikati ya watu wawili. Afadhali raksha ambamo aweza kulazwa, au gari la jirani. Na atakayefuatana naye awe yule aliyeshuhudia, hata akiwa ni kijana mdogo au mtumishi wa nyumba. Mara nyingi huenda mwana mkubwa kwa ajili ya heshima, naye hakuwapo, na shahidi akaachwa nyumbani.

FUNGA NA SWALA

Wazee wengi huficha ugonjwa wao katika Ramadhani kwa kuchelea kukatazwa kufunga. Nia yao ni njema, na yafaa waambiwe kwa upole lile wanalolijua. Sharia imemwondolea mzee asiyeweza kufunga uzito huo. Kwa madhehebu ya Imam Shafii, yanayofuatwa zaidi pwani ya Afrika ya Mashariki, humpasa kutoa chakula kwa maskini kwa kila siku. Kwa madhehebu ya Imam Malik, yaliyoenea Sudan, kutoa huko ni jambo la kupendeza. Katika jambo la kutomlazimisha kufunga hawakukhitalifiana. Vivyo hivyo, asiyeweza kusimama huswali ameketi, na asiyeweza kuketi huswali amelala.

Mzee anayefunga kwa idhini ya daktari azungumze naye mapema, kabla ya mwezi kuandama, juu ya saa za dawa zake, na kama vipimo vyake vipunguzwe. Wakati wa kufuturu asile shibe kubwa kwa mara moja, kwa kuwa baada ya mlo mzito damu huelekea tumboni, na presha ya mzee huweza kushuka katika saa zile zile ambazo watu husimama kwa Tarawehe. Kiti pembeni mwa safu si aibu. Na mwenye kisukari akihisi kutetemeka, jasho na mchanganyiko saa tisa mchana, na afungue kwa kitu chenye sukari palepale.

Ama wale wasemao kwamba mzee amepandwa na pepo, hapana haja ya kugombana nao. Dua na kisomo havikatazwi, tena humtuliza mgonjwa na jamaa zake. Linalokatazwa ni kumfunga kamba, kumpiga, kumfukiza moshi mpaka akakosa pumzi, na kukaa juma zima bila kupima sukari. Mwenye kusoma na asome, huku mwenye kupima akipima.

HITIMISHO

Kila nyumba yenye mzee na iwe na karatasi moja ndani ya mfuko wa dawa: majina ya dawa zake na vipimo vyake, maradhi aliyonayo, tarehe alizoanguka na namna alivyoanguka, na jina la mtu aliyeshuhudia. Vijana wanaojua kusoma na kuandika waifanye kazi hiyo kwa babu na bibi zao, na kwa wazee wa jirani wasio na watoto karibu. Siku za joto, apatikane wa kupita mara mbili kuangalia kama mzee amekunywa maji na kama anajua leo ni siku gani.

Wazee hawa ndio waliowabeba watoto wa mji huu migongoni katika miaka ya vita na ukimbizi, na wengi wao walijinyima chakula ili watoto wale. Hawakusema wakati ule, "Ni utoto tu, ataona mwenyewe." Walikesha, wakaangalia, wakauliza. Kulipa deni hilo huanza kwa kukataa neno "ni uzee" mpaka sababu itafutwe.

Mwenyezi Mungu awape wazee afya na mwisho mwema, awajaalie watoto wao macho ya kuona na ndimi za kusema kweli, na awaponye wagonjwa wote. Amin.